Riwaya ambayo msomaji anaujua mwisho wake

Mwandishi wa hadithi huanza kazi akiwa na mtaji mmoja mkubwa: msomaji hajui kitakachotokea. Anayeandika riwaya kuhusu Rwanda hana mtaji huo. Fungua kitabu, ukutane na jina la Butare au Nyamata na mwaka wowote kabla ya 1994, na papo hapo umeshajua mambo yanakoelekea. Hakuna siri ya kufichua wala kilele cha kumshtua mtu. Sasa mwandishi apange vipi kazi yake ili msomaji aendelee kufunua kurasa, na aguswe upya na jambo ambalo tayari analijua?

Swali hilo nimeishi nalo Aprili nzima hapa Kigali. Ni mwezi wa mvua za itumba, na kuanzia tarehe 7 ni wakati wa Kwibuka, maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994. Wiki ile ya kwanza muziki unanyamaza kwenye baa, na jioni watu wanarudi makwao mapema. Vitabu nilivipata huku na huko: vingine kwa marafiki, vingine katika Maktaba ya Umma ya Kigali pale Kacyiru, viwili vitatu nikavinunua kwenye duka la Ikirezi. Karibu vyote nilivisoma kwa Kifaransa, lugha vilivyoandikiwa. Historia yenyewe ninaijua kama anavyoijua kila mkazi wa mji huu. Nilichotaka ni kuona vitabu vilivyojengwa, kwa hiyo kila nilipomaliza kimoja nilirudi ukurasa wa kwanza, maana pale ndipo mwandishi anapoamua nani aseme, asimame wapi, na saa yake isome ngapi.

Uamuzi huo wa mwisho, wa saa, ndio uliobeba vitabu vilivyonikaa moyoni.

Nianze na Scholastique Mukasonga, kwa sababu ni fundi kuliko wote niliowasoma mwezi huu. Riwaya yake Notre-Dame du Nil ilitoka 2012 na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Renaudot huko Ufaransa. Inahusu shule ya bweni ya wasichana, mabinti wa wakubwa, iliyojengwa mlimani karibu na chanzo cha Nili, kwenye mwinuko wa mita 2,500. Mukasonga mwenyewe alisoma Notre-Dame de Cîteaux hapahapa Kigali. Angeweza kuiacha shule yake mjini, penye magari, ofisi na barabara za kutokea. Akaipeleka juu kwenye mawingu, mahali ambapo mvua ikianza huwezi kwenda popote. Ule mlima ndio uzio wa hadithi. Kisha akaisimamisha saa mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaimaliza riwaya 1973, mwaka ambao wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa mashuleni na yeye mwenyewe akakimbilia Burundi. Miaka 21 kabla ya ile Aprili.

Kwa hiyo hakuna sentensi hata moja inayosimulia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na hakuna ukurasa usioyatabiri. Sura zake zinakwenda kama visa vya shule vinavyojitegemea: msichana anapata hedhi ya kwanza, wanafunzi wanakwenda kutazama sokwe, Malkia Fabiola wa Ubelgiji anakuja kutembelea shule. Ukizisoma haraka utadhani mwandishi anapoteza muda. Hapotezi. Kila kisa kinaacha kitu kidogo mezani: nafasi mbili tu za Watutsi kwa kila wanafunzi ishirini, mzungu mwenye shamba la kahawa anayewatazama Virginia na Veronica kana kwamba wametoka kwenye ukuta wa hekalu la Misri, padri mwenye hotuba. Vikishajaa mezani ndipo anavitumia vyote kwa mpigo.

Sura ya pua ya Bikira Maria inastahili kusomwa na kila anayetaka kuandika. Karibu na chanzo cha Nili pana sanamu ya Bikira iliyopakwa rangi nyeusi. Gloriosa, binti wa mkubwa serikalini na mbabe wa darasa, anaamua kwamba pua ya sanamu ile ni pua ya Kitutsi na lazima ibadilishwe. Anamchukua rafiki yake Modesta, ambaye damu yake ni nusu kwa nusu na kwa hiyo kila siku analipia kodi ya urafiki huo. Wanapanda kwenda kuibandika pua nyingine ya udongo. Wanateleza, wanagaagaa kwenye matope, nguo zinaharibika. Mpaka hapo ni utundu wa mabweni, msomaji karibu atacheka. Wanatakiwa kueleza kwa nini wamechelewa na kwa nini wamechafuka, na Gloriosa anasema wameshambuliwa na Inyenzi, yaani waasi wa Kitutsi.

Tazama jinsi uwongo huo unavyosukwa. Mwandishi hasemi hata mara moja kwamba ni uwongo wa hatari. Anaupitisha tu mkono kwa mkono. Mkuu wa shule, mtawa, anausikia na kuogopa; anamwita kiongozi wa wilaya; askari wanakuja; padri anauhubiri; na kila anayeupokea anaongeza kidogo kwa sababu naye ana faida nao. Modesta anajua ukweli na ananyamaza, na tumeshaandaliwa kwa sura kadhaa kuelewa kwa nini hathubutu. Kufikia wakati vijana wa chama wanapopanda mlimani na marungu kuwasaka wasichana wa Kitutsi, matope yale yameshakauka na hakuna anayeyakumbuka isipokuwa msomaji. Msomaji ndiye shahidi pekee. Kumfanya mtu aliyekaa kwenye kiti chake awe shahidi wa pua ya udongo ni kazi kubwa kuliko kumwonyesha maiti elfu.

Tena ona alichokifanya na ujuzi wetu. Sisi tunaujua mwisho, wasichana hawaujui. Mukasonga ametumia pengo hilo kama nguvu ya kitabu: kila kicheko cha bwenini kinauma kwa sababu ya tunachokijua sisi, bila yeye kugusa kitu.

Kitabu chake kingine, La femme aux pieds nus cha 2008, kina umbo la ajabu zaidi, na ndicho nilichokisoma polepole kuliko vyote. Ni kumbukumbu za mama yake, Stefania, katika uhamisho wa Bugesera, ambako familia za Kitutsi zilipelekwa kwa nguvu mwaka 1960. Mwanzoni kabisa Mukasonga anaeleza kwamba mama yake aliwaagiza binti zake waufunike mwili wake kwa kanga atakapokufa, kwa sababu hakuna anayepaswa kuiona maiti ya mama. Mwaka 1994 binti hakuwepo na mwili haukupatikana. Kitabu ndicho kinachofanya kazi ya ile kanga. Mwandishi mwingine, akishaanza hivyo, angefuata mstari wa wakati: tulihamishwa, tukateswa, wakauawa. Mukasonga ameukataa mstari huo. Amepanga sura zake kwa kazi za nyumbani: kuwaokoa watoto, kujenga nyumba, mtama, mkate, urembo na ndoa, hadithi za jioni.

Sura ya kwanza inaonyesha jinsi hilo linavyofanya kazi. Kuwaokoa watoto imo katika orodha ileile ya shughuli za mama, kama kupalilia. Stefania anakagua njia ya kwenda mpakani Burundi, anafukia chakula cha safari, anawafundisha watoto wajifiche wapi wakisikia viatu vya askari wa kambi ya Gako. Anayafanya hayo kwa nidhamu ileile atakayoitumia kwenye shamba la mtama sura za mbele. Hofu haikupewa maneno makali. Imepewa ratiba.

Siku moja nilikuwa nacho mtaani Biryogo, kwenye kibanda cha chai ya maziwa, mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya kuagizia chapati. Mama mwenye kibanda akaniuliza, “Mwanangu, hicho kitabu unachokikazia macho hivyo kinaeleza nini?” Nikamwambia ni habari za mama mmoja wa kule Nyamata, zamani, aliyepewa nyumba ya bati na serikali akaona hawezi kuishi humo, akaanza kujenga inzu ya majani nyuma yake, ile ya kusukwa kama kikapu. Akaacha kumimina chai. “Aliimaliza?”

Nikajibu ndiyo, mama, aliimaliza. Lakini swali lake nimetembea nalo wiki nzima, maana ndilo jibu la tatizo nililoanza nalo. Anajua vizuri kuliko mimi kilichotokea Nyamata. Bado alitaka kujua kama nyumba ilikwisha. Taharuki haikufa, Mukasonga ameihamisha tu, kutoka kwenye swali la nani atakufa hadi kwenye swali la kama mtu atamaliza alichokianza. Na swali hilo la pili linampa Stefania maisha yake kamili, kwa sababu linamtazama kwa kazi zake badala ya kumtazama kwa kifo chake.

Baada ya hicho nilisoma Une saison de machettes cha Jean Hatzfeld, kilichotoka 2003, na usiku ule sikulala vizuri. Hatzfeld, mwandishi wa habari Mfaransa, alikuwa amekwisha kuandika sauti za walionusurika wa Nyamata katika Dans le nu de la vie (2000). Safari hii alikwenda gereza la Rilima kuzungumza na wauaji. Ufundi wake umo katika kuwachagua: aligundua kwamba mfungwa mmojammoja hudanganya, kwa hiyo alitafuta kundi la marafiki wa vilima jirani walioua pamoja na kufungwa pamoja, akazungumza na kila mmoja peke yake. Mtu anayejua kwamba rafiki yake naye anaulizwa yaleyale hupima maneno yake kwa namna nyingine. Kisha akapanga kitabu kwa mada: jinsi walivyojipanga, mara ya kwanza, mazao, nyumbani jioni.

Ndiyo, kwa mada, kama Mukasonga. Vitabu viwili kutoka udongo uleule wa Bugesera, vimepangwa kwa mpango unaofanana, na vinasimama uso kwa uso. Stefania anazungumza kuhusu jembe, mtama na jasho. Wanaume wa Hatzfeld nao wanazungumza kuhusu kazi, kuamka mapema na kurudi wamechoka, na wanailinganisha kazi hiyo na kilimo. Sijui kama kuna anayeviweka vitabu hivi pamoja darasani, lakini inafaa. Msamiati wa shamba uliokuwa heshima ya mwanamke mmoja ndio waliojifichia wengine. Huhitaji mhakiki wa kukueleza; ukivisoma mfululizo utausikia mwenyewe.

Boubacar Boris Diop wa Senegal alifika kwa mlango mwingine. Mwaka 1998 tamasha la Fest'Africa liliwaleta Rwanda waandishi wa Kiafrika waishi hapa kwa muda, waone, wasikilize, kisha waandike. Vitabu kadhaa vya mwaka 2000 vilitokana na mradi huo: L'Ombre d'Imana cha Véronique Tadjo, L'Aîné des orphelins cha Tierno Monénembo, na chake Diop, Murambi, le livre des ossements. Diop, tofauti na Mukasonga, anaingia moja kwa moja ndani ya siku zenyewe. Saa yake inaanza ndege ya Rais Habyarimana ikiwa imeshaanguka. Anaikabili vipi hali ya msomaji kujua kila kitu? Kwa kuvunja usimulizi vipandevipande. Kila msemaji anapewa kurasa chache, nafsi ya kwanza, na upeo wa saa chache mbele yake tu.

Wa kwanza ni Michel Serumundo, mwenye duka la kukodisha mikanda ya video. Anarudi nyumbani jioni akijaribu kufikiri kama mtu mwenye akili timamu: dunia itaingilia kati. Halafu anakumbuka kwamba Kombe la Dunia linakaribia kuanza Marekani na hakuna atakayetazama pengine. Kombe la Dunia lile tunalikumbuka sote. Kwa kitu hicho kimoja Diop amemtoa msomaji kwenye kiti cha hakimu na kumkalisha mbele ya televisheni yake mwenyewe ya 1994. Baada ya Serumundo anafuata kijana wa Interahamwe, wanamgambo walioua, na baadaye Jessica, mpelelezi wa waasi wa RPF anayeishi kwa siri mjini. Hawajibizani. Hakuna anayejua mwenzake amesema nini.

Sehemu nyingine za kitabu zinamfuata Cornelius, mwalimu wa historia anayerudi kutoka Djibouti miaka minne baadaye, akidhani familia yake iliuawa na akijihesabu kuwa mfiwa. Anakuja kujua kwamba baba yake, Daktari Karekezi, ndiye aliyewakusanya watu katika shule ya ufundi ya Murambi, akawalisha, kisha akawatoa wauawe, mkewe na watoto wake wakiwemo. Hapo lawama ninayo. Cornelius anapoanza kutafakari, Diop naye anaanza kueleza, na mazungumzo ya marafiki yanakuwa kama meza ya majadiliano. Sauti fupi za mwanzo hazikuhitaji maelezo yale. Lakini uamuzi mmoja wa sehemu hii ni sahihi kabisa: Cornelius alikuja na mpango wa kuandika tamthilia yenye mbwembwe, na alipofika Murambi akaiacha. Diop mwenyewe ameandika riwaya hii kwa lugha iliyovuliwa mapambo, tofauti na kazi zake za kabla, na mhusika anatuonyesha kwa nini. Shule yenyewe ipo, Nyamagabe, ni makumbusho. Tangu 2023 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na Nyamata, Gisozi na Bisesero.

Njia nyingine ni kumkabidhi mtoto saa. Mtoto hajui, na kutojua kwake kunamrudishia mwandishi mtaji alioupoteza. Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura ambaye sasa anaishi Kigali, alifanya hivyo katika Petit Pays (2016). Gabriel ana miaka kumi, ulimwengu wake ni kichochoro kimoja cha Bujumbura, na mapinduzi ya kijeshi anayatambua kwa sababu redio inapiga muziki wa klasiki. Vita vya Rwanda havimfikii kwa macho. Vinaingia nyumbani ndani ya mama yake, anayekwenda kuwatafuta ndugu zake na kurudi mtu mwingine. Tunachokiona ni mama akimsimulia bintiye mdogo usiku, na kaka akisikiliza. Ni umbali wa hatua mbili kutoka kwenye tukio, na ndio ukurasa unaochoma kuliko wote.

Monénembo naye ana mtoto, Faustin, wa miaka kumi na mitano, gerezani Kigali akisubiri kunyongwa. Faustin anazungumza bila kukoma, anatania, anapiga chuku, anaruka kutoka mwaka huu hadi ule. Inachukua muda kugundua kwamba kuruka huko kote ni kulikimbia kanisa la Nyamata. Anafika huko kurasa za mwisho kabisa, kwa maneno machache.

Ni hapa nilipochukua Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Haina uhusiano na Rwanda, lakini Yusuf ni ndugu yao Gabriel na Faustin. Ana miaka kumi na miwili, anaondoka na Ami Aziz akidhani anakwenda kutembea kwa ami yake, kumbe baba yake amemweka rehani kwa deni. Msomaji anaelewa mapema. Yusuf anachelewa kuelewa, na katika kuchelewa huko Gurnah anaingiza biashara nzima ya misafara, na Wajerumani wanaonyemelea pembeni ya kila ukurasa. Kwa mtu aliyezoea kusoma mambo haya kwa Kifaransa, kukisikia kilio cha mtoto huyo kwa Kiswahili kulinisogeza karibu naye sana.

Jacaranda ya Faye, iliyopata Renaudot 2024, haikunishika vile. Inataka kubeba vizazi vinne na karne nzima, na ili ibebe inawalazimu wahusika kuelezana historia. Ukurasa mmoja wa Rosalie, bibi kizee, unapendeza. Wa tatu unaanza kunuka kitabu cha shule.

Beata Umubyeyi Mairesse hakuhitaji mhusika wa kubuni. Le convoi (2024) ni uchunguzi. Yeye na mama yake waliokoka kwa msafara wa shirika la Terre des hommes uliowavusha watoto hadi Burundi tarehe 18 Juni 1994, akiwa na miaka kumi na mitano. Miaka mingi baadaye anaanza kutafuta picha zilizopigwa siku ile na waandishi wa kigeni, ajione. Mpango wake ni wa kuandika huku anatafuta: barua zisizojibiwa, kumbukumbu zinazopingana, sura isiyotambulika kwenye picha. Mwisho wa historia tunaujua, hata kwamba yeye alipona tunajua tangu jalada. Tusichokijua ni kama picha ipo, na walio ndani yake ni nani. Kwangu hili ni jibu la nne kwa tatizo lilelile, na swali lake linawahusu watu walio hai bado: watoto wengine wa msafara ule anawatafuta ili awape picha zao.

Anayetaka kuvisoma asianze na Murambi, na wala asianze na Hatzfeld. Aanze na La femme aux pieds nus, sura ya nyumba na sura ya mtama, akiwa na muda. Kisha Notre-Dame du Nil. Hatzfeld aje baada ya Stefania, asije kabla yake, ili wale wanaume wa Rilima watakapoanza kuzungumza kuhusu mashamba, msomaji awe anawajua waliokuwa wakiyalima.